Ndoo Kichwani pa Mwenye Duka

Je, mashine ikikosea, na kosa lake likakupa faida, ulichopata ni halali yako? Vijana wa Awindiri wanabishana juu ya swali hili karibu kila jioni, ila wao hawalisemi hivyo. Wao wanasema tu: "Mvishe ndoo!"

Ngoja nieleze kwa asiyejua michezo ya video. Kuna mchezo unaitwa Skyrim. Ulitoka tarehe 11 Novemba 2011, umetengenezwa na kampuni ya Marekani inayoitwa Bethesda Game Studios, na mpaka leo watu wanaucheza. Si kama mchezo wa mpira wenye dakika tisini na refa. Huu ni nchi nzima. Unapewa milima, mito, misitu, miji na mapango, halafu unaachiwa utembee unakotaka. Ukiona mlima kule mbali, usidhani ni picha ya ukutani: ukienda kwa miguu utaufikia na kuupanda. Usiku mbinguni inapita mianga ya kijani kama kitambaa kinachopepea, theluji inaanguka taratibu, na muziki unakwenda polepole chini yake. Mtu aliyezoea vumbi la barabara ya Rhino Camp wakati wa kiangazi, akiiona theluji ile kwa mara ya kwanza, ananyamaza. Pale Awindiri unachezwa kwenye PlayStation 3 kuukuu, katika chumba kimoja, umeme ukiwepo. Mmoja anashika padi, na wengine tisa wanamwelekeza.

Na jinsi unavyoanza, yaani ni sisi kabisa! Unaamka umefungwa mikono, uko juu ya mkokoteni. Umekamatwa na askari ukiwa unavuka mpaka. Mnafikishwa mahali, mnateremshwa, na karani mwenye orodha anaita majina. Anafika kwako, anakutazama, anakuuliza wewe ni nani. Hapo ndipo unachagua sura yako, kabila lako na jina lako. Ukishamaliza, karani anatafuta kwenye orodha na hakuoni. Anamwuliza mkubwa wake: huyu hayumo, tumfanyeje? Mkubwa anamwambia aachane na orodha, mtu apelekwe akakatwe kichwa pamoja na wenzake.

Baadaye, ukishapona na kuanza kutembea, utafika mji mmoja unaoitwa Windhelm. Ndani yake kuna mtaa wa wakimbizi, watu wenye ngozi ya kijivu waliokimbia kwao baada ya mlima wa moto kulipuka. Wanakaa upande mbaya wa mji, na wako wenyeji wanaowatukana njiani waziwazi. Ndugu aliyekimbia Goma usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana siuoni mchezo huu kama upuuzi wa vijana wasio na kazi. Ni dunia iliyotengenezwa na watu, yenye mipaka, orodha, askari na maduka. Sisi nasi tunaishi katika dunia iliyopangwa na watu wengine, yenye mipaka, orodha, askari na maduka. Na dunia zote mbili zina kasoro.

Kasoro za Skyrim zinajulikana duniani kote. Kuna majitu marefu yanayochunga wanyama kama tembo. Likikupiga rungu moja, badala ya kuanguka chini unarushwa juu mpaka mawinguni. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, lakini wachezaji waliipenda, na hata toleo jipya la mwaka 2016 bado linakurusha vilevile. Mwishoni mwa Novemba 2011 kampuni ilitoa marekebisho, na marekebisho yenyewe yakaleta kasoro nyingine: majoka yakaanza kuruka kinyumenyume. Kumbe hata anayetengeneza anaweza kuharibu.

Lakini kasoro inayowagawa watu chumbani ni ya ndoo. Unaingia dukani. Mwenye duka amesimama nyuma ya meza, anakusalimia. Ukichukua kitu mbele yake, anapiga kelele, askari wanakuja, unalipa faini au unakwenda jela. Sasa wewe unaokota ndoo ya pale dukani, unaiinua polepole, unamvisha kichwani mpaka mabegani. Yeye hashtuki. Anaendelea kusimama, hata anaendelea kuongea na wewe akiwa ndani ya ndoo. Mchezo unakokotoa kama kuna kitu kati ya macho yake na wewe. Kitu kikiwepo, haoni. Basi unachukua mkate, dhahabu, upanga, kila kitu, na unatoka nje umebeba duka zima. Hakuna anayelalamika, maana kwa sheria ya nchi ile kosa ambalo halikuonwa na mtu halikutendeka.

Nimesikia hoja tatu pale chumbani, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni ya kijana mmoja anayesoma sekondari. Anasema: mchezo umeruhusu. Kama hawakutaka watu wafanye hivyo, wangezuia. Kinachowezekana kinaruhusiwa. Lawama ni ya aliyetengeneza, si ya aliyetumia.

Ya pili ni ya mwenzake aliyekulia kambini. Anasema: mimi katika mchezo huu nilianza nikiwa nimefungwa mikono, sikuwa na kitu, jina langu halikuwepo kwenye orodha, wakataka kunikata kichwa. Hii nchi inanidai nini? Nikichukua mkate wake, tumelipana.

Ya tatu ilitoka kwa mama anayeuza mandazi pale mlangoni, ambaye hachezi, anatazama tu akingoja wateja. Alitazama ile ndoo, akauliza: "Na huyo baba wa duka, ana watoto?" Watu walicheka sana. Mimi naona ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyoulizwa mle ndani.

Hoja ya kwanza ni ya zamani mno. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliandika habari za mchungaji aliyeokota pete shimoni baada ya ardhi kupasuka. Akiigeuza pete kidoleni, watu hawamwoni. Yule mchungaji hakuitumia kuwasaidia jirani zake. Aliingia ikulu, akamwua mfalme, akatwaa ufalme. Swali la kitabu ni hili: je, mtu mwema ni mwema kwa sababu anapenda wema, au kwa sababu anaogopa kuonekana? Ndoo ni pete ileile, ila imevaliwa na mwingine. Pete inanificha mimi. Ndoo inamfunika yeye macho.

Wazee wetu wanaonya kwamba za mwizi ni arobaini. Ni kweli, lakini methali hiyo inazungumzia kukamatwa. Inamwambia mwizi awe na hofu, haimwambii kwa nini wizi ni mbaya. Mtu akihakikishiwa kwamba siku ya arobaini haitafika, methali inamwacha peke yake. Na ndoo inatoa uhakika huo hasa.

Lakini kuna jambo ambalo mchezo wenyewe unalifanya, na vijana wengi hawalitazami. Ukifungua mfuko wako baada ya kuiba, kila kitu ulichochukua kina alama kwamba kimeibwa. Hakuna aliyekuona, lakini alama ipo. Ukienda kuuza duka la kawaida, hata mji mwingine wa mbali, hawakinunui. Itakubidi uwatafute wanaonunua mali za wizi. Yaani macho ya mwenye duka yanazibika, kumbukumbu haizibiki. Aliyetengeneza mchezo alijua tofauti kati ya kitu kuonekana na kitu kuwa. Kwa hiyo hoja ya "kinachowezekana kinaruhusiwa" inaangushwa na mchezo wenyewe: ulikuwezesha, na papo hapo ukaandika.

Hata hivyo siwezi kumhukumu kijana kwa sababu ya duka la kwenye skrini. Jibu la swali la mama wa mandazi, kwa upande wa mchezo, ni rahisi: ukingoja siku kadhaa za mle ndani, duka linajaa tena. Mali haziishi. Hakuna mtoto anayelala njaa kwa sababu ya ndoo ile. Ukiharibu, unarudi mahali ulipohifadhi mchezo, unaanza upya, na hakuna kilichotokea. Kumwibia mtu asiyeweza kupungukiwa ni kama kuchota maji ziwani kwa kikombe.

Sasa tutoke chumbani. Huku nje maduka hayajai yenyewe.

Kambini kwetu mashine ndiyo inayosimama nyuma ya meza. Ndiyo inayojua wewe ni nani, nyumba yako ina watu wangapi, na mwezi huu utapewa nini. Na mashine inakosea pande mbili. Upande mmoja, kadi inasoma watu saba katika nyumba yenye watu wanne. Jina la mtu aliyerudi Yei zamani bado linapokea. Upande mwingine, bibi ambaye vidole vyake vimelainika kwa jembe na sabuni anaweka kidole mara tano na mashine inakataa. Mtoto amezaliwa, ananyonya, analia, lakini kwa mashine hajazaliwa. Kila mmoja wetu anamjua mtu wa upande wa kwanza na mtu wa upande wa pili. Mara nyingi ni majirani.

Tazameni jinsi tunavyoyaita makosa haya mawili. Kosa likiniongezea, linaitwa wizi. Kosa likinipunguzia, linaitwa sistemu. Kwa la kwanza anatafutwa mtu wa kulaumiwa. Kwa la pili hakuna mtu; unaambiwa "sistemu imegoma, rudi wiki ijayo." Mimi naona maadili ya jambo hili lote yamelala hapo. Kama kosa la mashine ni la mashine, basi liwe la mashine pande zote mbili. Na kama kosa la mashine linamdai mtu uaminifu, basi limdai aliye mbele ya meza na aliye nyuma yake.

Nianze na sisi tulio mbele ya meza, maana ni rahisi kunyoosha kidole kwa wengine.

Kuna tofauti kati ya kosa lililokukuta na ndoo uliyoinua kwa mkono wako. Mama ambaye kadi yake inasoma watu saba hakuinua ndoo. Alienda kupokea, akapewa, akashangaa. Mara ya kwanza, hilo ni kosa la mashine. Lakini mara ya pili anajua kabla hajaondoka nyumbani. Anajua, anabeba gunia la ziada, anapanga foleni. Kuanzia hapo si kosa tena, ni uamuzi. Hatuwezi kuiachia mashine uamuzi tuliofanya sisi.

Je, uamuzi huo ni mbaya? Hapa ndugu mwenye shibe asijibu haraka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwaka 2023 shirika la WFP liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya shida zao, na kundi la tatu likaondolewa kwenye chakula. Mei 2025, kwa kukosa fedha, karibu watu milioni moja waliondolewa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba sahani ya ziada aliyopewa na mashine ni dhambi, inahitaji moyo mgumu kidogo.

Na dini zetu hazina moyo huo mgumu. Kwa Wakristo, Thomas wa Akwino, aliyeishi karne ya 13, alifundisha kwamba mtu akiwa katika shida ya kufa na hana njia nyingine, akachukua cha kumponya, hilo kwa hakika si wizi, kwa sababu vitu vya dunia viliwekwa kwa ajili ya haja za watu wote. Kwa Waislamu, inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab, mwaka wa njaa kuu Uarabuni, alisimamisha adhabu ya kumkata mwizi mkono. Hawa hawakuwa watu wa mchezo katika sheria. Lakini wote wawili walijua kwamba sheria ya mali imetengenezwa kwa dunia ambayo watu wanakula.

Kwa hiyo kijana wa hoja ya pili, yule aliyesema "tumelipana," ana sehemu ya ukweli. Anapokosea ni hapa: mchezo ulimdhulumu kupitia askari wa mfalme, naye akalipiza kwa mwenye duka. Mwenye duka hakuwepo siku ile. Kambini ni hivyohivyo. Kama dunia imenidhulumu, na imenidhulumu kweli, chakula cha ziada ninachopokea hakitoki kwa aliyenidhulumu. Kinatoka kwenye stoo ileile inayomhudumia bibi mwenye vidole vilivyolainika. Fedha zina mwisho. Sehemu ikienda mara mbili mahali pamoja, iko mahali ambapo haikwenda.

Na hasara haiishii kwenye magunia. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2018. Kuanzia Machi hadi Oktoba, Ofisi ya Waziri Mkuu pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa inasema karibu milioni 1.4, baadaye ikawa karibu milioni 1.1. Tarakimu hizo hazisemi nani alidanganya na nani alirudi kwao tu bila kuaga, wala nani aliandikwa mara mbili na karani aliyechoka. Lakini tuangalie aliyelipa gharama. Walioitwa kusimama juani ni wote: wazee, wajawazito, watoto, watu ambao hawajawahi kupokea hata kikombe kisicho chao. Neno "wakimbizi hewa" likaenea, na kila mkimbizi akawa na kivuli cha mtu ambaye hayupo. Hiyo ndiyo bei ya ndoo katika dunia ambayo huwezi kurudi mahali ulipohifadhi. Anayeilipa mara nyingi si aliyeiinua.

Basi tufanyeje? Sitaki kumwachia msomaji "inategemea," maana inategemea haimpikii mtu. Napendekeza kipimo kimoja. Ivue ndoo. Jiulize: hiki ninachochukua, naweza kukitaja kwa sauti mbele ya jirani aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni? Naweza kumwambia, "Mama, mashine imenipa sehemu tatu zaidi, na nyumbani kwangu hali ni hii"? Kama naweza, na yeye akiniangalia akasema chukua, au akasema tugawane, basi pale hapakuwa na wizi. Palikuwa na haja, na haja imesikilizwa. Lakini kama ninahitaji asisikie, kama ninabadilisha foleni ili asinione, kama ninamwambia mtoto asitaje idadi ya watu wa nyumbani, basi najua tayari ninachofanya. Haja inasemeka. Tamaa ndiyo inayohitaji ndoo.

Kipimo hiki hakihitaji polisi wala kompyuta. Kinahitaji jirani. Na kinakwenda pamoja na tunavyoishi hasa, kwa sababu ni nyumba ngapi kambini zimepona si kwa kadi yao bali kwa bakuli lililovuka kutoka nyumba ya pili? Sehemu ya ziada iliyosemwa na kugawanywa inarekebisha kosa la mashine kuliko mashine yenyewe inavyoweza. Iliyofichwa na kuuzwa sokoni inalifanya kosa kuwa mawili.

Najua pingamizi. Mtu ataniambia: ndugu, kumwambia jirani sawa, lakini kuwaambia wenye ofisi ni kujichongea. Nikisema kadi yangu inasoma saba, hawataiweka nne; wataizuia yote, na nitarudi nyumbani mikono mitupu wakati aliyenyamaza anakula. Pingamizi hili ni la kweli, na ndipo zamu ya walio nyuma ya meza inapofika. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nanyi ni wasomaji wa kijarida hiki. Kama ukweli unaadhibiwa kuliko uongo, msishangae ukweli ukiadimika. Anayeripoti kosa la mashine asitendewe kama aliyelitengeneza.

Nanyi pia mnayo ndoo yenu, tena hii hamkuvishwa na mtu. Ni skrini. Bibi amesimama mbele yako, unamjua, umemwona miaka mitatu, jina lake unalo, wajukuu wake wamemshika gauni. Mashine inasema hayupo. Ukiangalia skrini na kumwambia "hayupo," umejivisha ndoo kichwani mwenyewe na kuendelea kuongea kama yule mwenye duka. Simaanishi mvunje taratibu kila mtu akilia. Namaanisha jambo dogo: mashine ikishindwa kumtambua mtu ambaye watu wanamtambua, mzigo wa kuthibitisha usiwe wa mwenye njaa. Apewe kwanza, karatasi zifuate. Kumlisha kwa makosa asiyestahili ni hasara ya magunia. Kumnyima kwa makosa anayestahili ni hasara ambayo pengine haitarudishwa.

Hili pia Skyrim inalifundisha, kwa kasoro moja isiyochekesha. Kwenye PlayStation 3, kadiri mtu alivyocheza zaidi, ndivyo faili la kumbukumbu zake lilivyokuwa kubwa, na ndivyo mchezo ulivyozidi kuwa mzito mpaka ukaanza kukwama. Yaani aliyeishi muda mrefu zaidi katika nchi ile ndiye aliyeumia zaidi. Kampuni ilitoa marekebisho. Lakini hata sehemu ya nyongeza ya mchezo, iliyowafikia wenye Xbox mwezi Juni 2012, iliwafikia wenye PlayStation 3 mwezi Februari 2013. Wote walikuwa wamenunua Skyrim ileile, na bado nchi moja haikuwa nchi moja kwa wote. Ilitegemea mashine uliyokuwa umesimama mbele yake. Aliyekaa kambini miaka mingi, ambaye faili lake lina tarehe tatu za kuzaliwa na tahajia nne za jina, anaelewa habari hii bila kushika padi.

Na kuna upande wa matumaini. Wachezaji wa Skyrim wenye kompyuta hawakukaa kungoja kampuni tu. Watu wa kawaida, bila mshahara, walikusanya kasoro mamia kwa mamia, wakaziandika, wakazirekebisha moja baada ya nyingine, wakawapa wenzao bure. Nchi hawakuitengeneza wao, lakini waliishi ndani yake, na anayeishi ndani ndiye anayejua mlango upi haufunguki. Sisi tunazo kamati zetu za ustawi wa wakimbizi, zile tunazoziita RWC, na tuna wazee wa bloku wanaojua nani kazaliwa, nani kafa, nani karudi. Wakati mwingine tunawatumia kupeleka matangazo tu. Wanaweza kufanya zaidi: kukaa na orodha kila mwezi, hadharani, chini ya mti, na kusoma makosa ya pande zote mbili kwa sauti ileile. Hapa pamezidi watatu, pale amepungua mmoja. Bila aibu, bila kukimbizana. Orodha inayosomwa mbele ya watu haina pa kuvalia ndoo.

Sisemi vijana waache kucheza. Wacheze, na wamvishe ndoo yule baba wa kwenye skrini wakitaka, duka lake litajaa tena. Ila wakitoka nje wakumbuke kwamba uzuri wa nchi ile, milima yake na mianga yake ya kijani, haukutosha kuifanya iwe dunia. Ilikosa kitu kimoja ambacho kambi yetu yenye vumbi inacho: mtu wa nyuma ya meza anayeweza kupungukiwa kweli, na mtu wa mbele ya meza anayeweza kulala njaa kweli. Penye watu kama hao, mashine ikikosea, wa kuulizana tufanye nini tumebaki sisi.